Shokapu ya Kulia

Ilianza Hombolo, kwenye bonde la mchanga:
mlio mmoja tu, ko,
kama mtu aliyesahau funguo
akabisha mlango wa nyumba yake mwenyewe.
Nikaongeza sauti ya redio.
Ihumwa ikawa ko-ko.
Kufika Nzuguni, ni hodi isiyongoja karibu.

Fundi Chiduo akasema: shokapu ya kulia.
Nikacheka. Ya kulia, na kweli inalia.
Yeye hakucheka; alitaja laki mbili
huku macho yake yakipima viatu vyangu.

Basi Jumamosi, upepo wa Julai ukichapa mabati,
nilitandika gunia uani,
nikalegeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini
(hilo nalijua),
ndipo jeki, ndipo magogo mawili ya mgunga
chini ya chesisi, maana jeki ni mgeni:
humwachii nyumba ukalala.

Mama alikuja na kigoda chake na nyonga yake.
Spana kumi na saba anaijua kwa uzito.
Namba, anasema, ni mambo ya benki.

Nati ya chini iligoma.
Kutu ilikuwa imeiposa, imeioa, imezaa nayo.
Nikaimwagia mafuta ya breki, nikaiacha,
tukala ugali wa uwele na mlenda.
Nikarudi. Nyundo. Mafuta. Nyundo.
Nikaivika spana bomba la maji la mita moja
nikapanda juu yake kwa miguu miwili,
mwalimu wa jiografia, kilo sabini na tatu,
khanga imefungwa kiunoni kama ya ugomvi.

Hapo ardhi ikatikisika.

Si kwa ajili yangu. Dodoma hutikisika hivi,
kama ng'ombe anayefukuza nzi kwa ngozi tu.
Masufuria yaligongana jikoni. Kuku kimya.
Gari likayumba juu ya magogo,
likafikiri,
likatulia.
Nilijikuta nimekumbatia nguzo ya kamba ya nguo.
Darasani huchora Bonde la Ufa kwa chaki mbili,
nikawaambia watoto mabamba yanaachana.
Siwaambii kwamba huko chini nako bushi zimekwisha
na hakuna duka.

"Imelegea?" Mama akauliza.
Alikuwa akitazama nati.
Ilikuwa imelegea.

Koili ni habari nyingine.
Klampu mbili za kuazima kwa Yoeli Mbijima,
huku mzunguko mmoja, huku mzunguko mmoja,
uso nimeuweka pembeni.
Springi iliyobanwa haina utani:
ni neno ulilolimeza miaka kumi mbele ya wakwe.
Nilimwambia Mama asogee. Hakusogea.
Niliacha kupumua kwa niaba yetu wote wawili.

Ile ya zamani niliibonyeza kwa kiganja.
Ikazama. Haikurudi.
Mafuta meusi yakanichuruzika hadi kwenye saa.
Mpya nayo ilipanda taratibu,
kama Mama anavyoinuka kigodani,
ila yenyewe haikumtaja Mungu.

Jua likiwa limegusa mabati ya Chilongani
tulitoka kujaribu.
Matuta ya shule ya msingi, matatu.
La kwanza: kimya.
La pili: kimya, nikaanza kujisifu moyoni,
nikaona kabisa uso wa Chiduo.
La tatu, kutoka kushoto, chini ya miguu ya Mama,
kidogo, kwa adabu:
ko.

Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza.
"Huyu alikuwapo siku zote," akasema.
"Mwenzake ndiye aliyekuwa anampigia kelele."

Sikumjibu. Nilikuwa nimetia mkono mfukoni
kutafuta leso,
nikakuta washa moja, bado ina joto la mwili wangu,
na sijui ni ya wapi.